Maisha ya Mzee Aboud Jumbe: Kupanda na Kuanguka kwa Mtawala

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali yanayoletwa mara kwa mara na wale wanaoichungua dini ya Kiislamu, na hata na wale waliokwisha kuingia, ni hili: Je, mcha Mungu aweza kushika utawala naye asipotee? Na akiondolewa katika utawala huo, kwa njia ambayo moyoni mwake anaiona si ya haki, yampasa afanye nini? Maswali haya hayatoshelezwi kwa maneno matupu. Yafaa tutazame maisha ya watu walioyapitia mambo hayo, tuone walivyokwenda na walivyokosea, kisha kila mmoja wetu aipime nafsi yake.

Kwa sababu hiyo napenda nikusimulie habari za Mzee Aboud Jumbe Mwinyi, aliyekuwa kiongozi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kwa muda wa miaka 12, na ambaye utawala wake ulikomea mjini Dodoma, katikati ya nchi yetu, mbali kabisa na bahari aliyoizoea. Yeye hakuwa mfuasi wa Jumuiya yetu ya Ahmadiyya, wala simtaji hapa ili nimhesabu miongoni mwetu. Alikuwa Mwislamu miongoni mwa Waislamu wa Zanzibar, mtu wa sala na wa kusoma. Twafundishwa kumfanyia uadilifu kila mtu, awe wetu au asiwe wetu, na uadilifu huo unatutaka tuyaseme mema yake pamoja na yale ambayo hayakuwa mema.

Alizaliwa tarehe 14 Juni 1920. Katika zama zile Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Kiingereza, Sultani akiwa kitini na Mwingereza akiwa nyuma yake. Mtoto wa Kiafrika aliyefika shule ya sekondari alikuwa amekwisha kuwapita wenzake wengi, na yule aliyevuka bahari kwenda Chuo cha Makerere, Uganda, alihesabiwa kuwa miongoni mwa wachache mno. Aboud Jumbe alisoma huko kuanzia mwaka 1943 hata 1945, akarudi na stashahada ya ualimu, akafundisha toka mwaka 1946 hadi 1960. Kazi hiyo ya ualimu, msomaji wangu, usiipite upesi. Miaka 14 mbele ya ubao humtia mtu tabia isiyotoka: hupenda jambo liandikwe, lielezwe kwa hoja, na mwisho apatikane mwenye mamlaka ya kusema hili sahihi na hili kosa. Tutaikuta tabia hiyo tena huko mbele, nayo ndiyo iliyomponza.

Katika mwaka 1960 aliiacha kazi ya ualimu akaingia katika chama cha Afro-Shirazi. Siasa za Visiwani katika miaka ile zilikuwa za moto mkali. Chaguzi zilifuatana na ghasia, na mwezi Juni 1961 watu waliuana mitaani. Jumbe alichaguliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1961, akawa mmoja wa wasemaji wa upinzani. Uhuru ulipopatikana tarehe 10 Desemba 1963 chama chake kilibaki nje ya serikali ingawa kilikuwa kimepata kura nyingi. Mwezi mmoja na siku mbili tu baadaye Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliipindua serikali ile, na mwalimu wa jana akawa waziri.

Tarehe 26 Aprili mwaka huohuo Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Hapa nakuomba utulie kidogo, kwani hadithi yetu yote imefungwa katika jambo hili. Hati za Muungano ziliyataja mambo 11 kuwa ndiyo ya Muungano, kama vile mambo ya nje, ulinzi, polisi na uraia. Yaliyobaki ya Zanzibar yaliachwa chini ya serikali ya Zanzibar yenyewe. Yaliyobaki ya Tanganyika yaliwekwa chini ya Serikali ya Muungano. Basi zikawa nchi mbili zilizoungana zenye serikali mbili, lakini moja ya nchi hizo haikuwa tena na serikali yenye jina lake. Je, Serikali ya Muungano ilikuwa ni ya wote wawili, au ilikuwa ni Tanganyika iliyobadilisha kanzu? Swali hilo lililala kwa miaka mingi, wala watu hawakuruhusiwa kuliamsha. Orodha ya mambo ya Muungano nayo iliendelea kurefuka. Katika Katiba ya sasa imefika mambo 22.

Wasomaji wetu wa siku nyingi watakumbuka kwamba katika mwaka ule wa Muungano alikuwamo serikalini ndugu yetu marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mwahmadiyya aliyezaliwa Ujiji, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, ambaye alikuwa amepata kuwa Waziri wa Sheria. Aliitwa na Mola wake mwezi Oktoba 1964, huko Ujerumani, akiwa bado kijana. Namtaja kwa kuwa yuko mgeni atakayedhani kwamba Uislamu unamkataza muumini kazi za serikali. Haukatazi. Unaihesabu kazi hiyo kuwa ni amana, na mwenye amana huulizwa.

Mzee Abeid Amani Karume alitawala Visiwani kwa mkono mzito, na Jumbe alikuwa karibu naye sana, akiwa Waziri katika ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais. Serikali ile iliwapa wakulima ardhi na kuwajengea watu nyumba. Serikali hiyohiyo iliweka watu vizuizini bila ya kuwafikisha mbele ya hakimu, na wengine hawakuonekana tena. Jumbe hakuyatenda hayo kwa mkono wake, bali alikuwamo barazani yalipokuwa yakitendeka, wala hapajulikani siku aliyoondoka barazani kwa ajili yake. Haya nayaandika bila ya furaha, kwa kuwa marehemu hawezi kunijibu. Lakini msomaji anayetafuta ukweli angenilaumu kwa haki kama ningeyaficha.

Tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Karume aliuawa kwa risasi. Baraza la Mapinduzi likamchagua Aboud Jumbe kuwa Mwenyekiti wake, na hivyo akawa Rais wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Muungano. Umri wake ulikuwa umekaribia miaka 52.

Watu walioishi Unguja na Pemba katika miaka hiyo hueleza kwamba hewa ilianza kulegea. Hofu haikuondoka, bali ilipungua. Chakula kilichokuwa cha kupangiwa foleni kilianza kuonekana zaidi madukani, na televisheni ya rangi ikaanzishwa Zanzibar katika miaka ya mwanzo ya utawala wake, wakati Bara hawakuwa na televisheni ya aina yoyote, wala hawakuipata kwa takriban miaka 20 baadaye. Hata hivyo, kesi ya walioshtakiwa kwa mauaji ya Mzee Karume, iliyosikilizwa katika miaka ya 1973 na 1974, iliendeshwa bila ya washtakiwa kuruhusiwa kuwa na mawakili wa kuwatetea. Watu walihukumiwa kufa katika kesi hiyo. Weka jambo hili akilini mwako, ndugu msomaji, kwa maana litahitajika tutakapofika Dodoma.

Sasa tutazame kazi yake kubwa kupita zote. Tarehe 5 Februari 1977 chama cha TANU cha Bara na chama cha Afro-Shirazi cha Visiwani vilivunjwa, kikazaliwa Chama Cha Mapinduzi. Mwalimu Julius Nyerere akawa Mwenyekiti, Aboud Jumbe akawa Makamu Mwenyekiti. Bila ya ridhaa ya Jumbe jambo hilo lisingewezekana, kwani katika enzi za Karume lilikuwa halisemeki. Miezi miwili na nusu baadaye ikapitishwa Katiba ya Kudumu ya Jamhuri ya Muungano, nayo ikaweka wazi kwamba shughuli zote za siasa nchini zitafanywa na Chama au chini ya Chama. Maana yake ni kwamba Rais, mawaziri na wabunge, wa huku na wa kule, walikuwa chini ya vikao vya Chama. Chama kikikutaka, unapanda. Chama kikikukataa, hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha hodi. Jumbe aliutia saini mpango huo kwa hiari yake, akitumaini kuwa umoja wa vyama utaleta usawa baina ya nchi mbili zilizoungana.

Ndani ya Visiwa vyake alifanya matengenezo yaliyokuwa yamechelewa. Mwaka 1979 Zanzibar ilipata Katiba yake ya kwanza tangu Mapinduzi. Mwaka 1980 likaanza Baraza la Wawakilishi, na mwezi Oktoba mwaka huo wananchi wakampigia Rais wao kura, ingawa jina lilikuwa moja tu, la kukubaliwa au kukataliwa. Mwaka 1983 akaweka cheo cha Waziri Kiongozi, ambacho alipewa Ramadhani Haji Faki. Sasa Zanzibar ilikuwa na Katiba, baraza la kutunga sheria na mkuu wa shughuli za serikali. Nchi iliyokuwa ikiendeshwa kwa amri ilianza kuonja uendeshaji wa kisheria, na walioonja walitaka zaidi.

Tukumbuke pia kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kuonyesha nia ya kung'atuka katika urais. Watu walihesabu vidoleni ni nani atakayemfuata, na Jumbe, aliyekuwa Makamu wa Rais na Makamu Mwenyekiti wa Chama, hakukosekana katika hesabu hiyo. Ilijulikana kwamba alikuwa mtu wa msikitini, aliyependa kuzungumza mambo ya dini hadharani. Wako waliolipenda jambo hilo, na wako lililowatia shaka. Sitaki kuingia katika mioyo ya watu. Mwenyezi Mungu ndiye ayajuaye yaliyomo vifuani.

Mapema mwaka 1983 Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama ilitoa mapendekezo ya kuirekebisha Katiba, na wananchi wakaalikwa wayajadili kwa muda wa mwaka mmoja. Mojawapo ya mapendekezo lilihusu kuuimarisha Muungano. Bara watu waliongea juu ya madaraka ya Rais na ya Bunge. Visiwani waliongea juu ya Muungano, na waliongea kwa sauti ambayo haikuwa imesikika tangu 1964. Waliogopa kwamba kuimarisha huko maana yake ni kumezwa, Zanzibar ifanywe mkoa. Wengine walitaka serikali tatu: ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Wolfgang Dourado, aliyepata kuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, aliukosoa muundo wa Muungano waziwazi, naye akawekwa kizuizini. Hali hiyo ilipewa jina ambalo watu wazima wanalikumbuka hata leo: kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar.

Katikati ya tufani hiyo Rais Jumbe alifanya jambo la kimwalimu. Katiba ya 1977 iliweka Mahakama Maalumu ya Katiba, ambayo kazi yake ni moja tu: kutoa uamuzi wa usuluhishi endapo Serikali ya Muungano na Serikali ya Zanzibar zitahitilafiana juu ya maana ya Katiba. Nusu ya wajumbe wake huteuliwa na Serikali ya Muungano na nusu huteuliwa na Serikali ya Zanzibar. Jumbe alikusudia kulipeleka huko swali lile la kale, kwamba Hati za Muungano zilikusudia muundo gani hasa, na Tanganyika ilikwenda wapi. Aliyemsaidia kuandaa hoja alikuwa Mwanasheria Mkuu wake, Bashir Kwaw Swanzy, raia wa Ghana.

Ebu tulipime tendo hilo kwa mizani ya dini. Kurani Tukufu inawaelekeza waumini kwamba wakigombana katika jambo walirudishe mahali pa hukumu, na inawaamuru wanaohukumu wahukumu kwa uadilifu. Jumbe alikuwa na askari, alikuwa na redio, alikuwa na visiwa viwili vilivyojaa watu wenye hasira. Hakuvitumia. Aliandika hoja, akaitafuta mahakama iliyotajwa ndani ya Katiba ya nchi. Sioni katika tendo hilo uasi wowote. Kosa, kama lilikuwapo, lilikuwa la kulifanya kwa siri, bila ya kumwambia Mwenyekiti wake wala wenzake wa Halmashauri Kuu, ilhali aliapa kuwa mwenzao. Upande wa pili nao tuuelewe: Mwalimu Nyerere aliuona Muungano kuwa kama yai, na aliamini kuwa mkono wowote uliolishika kwa nguvu ungelivunja. Alihofia vita na damu. Hofu hiyo haikuwa ya mtu mbaya.

Waraka ule ulifika mikononi mwa Mwalimu kabla haujafika mahakamani. Halmashauri Kuu ya Taifa ikaitwa Dodoma.

Wewe uliyezaliwa katika Dodoma ya sasa, yenye wizara, barabara pana na Chuo Kikuu kilichouchukua hata ukumbi wa Chimwaga uliojengwa kwa mikutano ya Chama, huenda ukashindwa kuukumbuka mji wa wakati ule. Mwaka 1973 ulikuwa umeamuliwa kuwa makao makuu, lakini mwaka 1984 serikali ilikuwa bado Dar es Salaam. Kilichokuwa Dodoma hasa ni Chama. Mwezi Januari ni wa masika ya Ugogo: Wagogo wako mashambani wakipalilia uwele na mtama, na vumbi lote limegeuka tope jekundu. Katika mji huo mdogo wa reli, penye upepo usiojua chumvi, wakubwa wa nchi walijifungia siku za mwisho za Januari 1984 kuijadili hali ya Zanzibar.

Kikao kilichukua siku kadhaa. Jumbe alitakiwa ajieleze juu ya waraka wake. Hapakuwa na jaji wala wakili. Waliomlaumu ndio waliokuwa wasikilizaji, na waliosikiliza ndio waliokuwa waamuzi. Waliomkabili kwa ukali zaidi hawakuwa watu wa Bara, bali Wazanzibari wenzake, baadhi yao wakiwa vijana wasomi aliowainua yeye, akiwamo Seif Shariff Hamad. Swali alilotaka liamuliwe na mahakama, la maana ya Hati za Muungano, halikujibiwa. Lililojibiwa ni swali jingine: Je, Makamu Mwenyekiti amekitii Chama?

Unakumbuka, msomaji, nilikuomba uweke jambo akilini. Chini ya utawala wake watu walisimama kizimbani bila ya mtetezi. Kwa ridhaa yake Chama kilipewa ukuu usiokuwa na pa kukatia rufaa. Sasa mwenyewe alisimama mahali ambapo hapakuwa na mtetezi wala rufaa. Silisemi hili kwa kumsimanga, maana ni nani kati yetu asiyejenga jambo leo bila ya kujua kesho litamwelemea nani? Nalisema kwa ajili yako wewe unayepewa madaraka hata yakiwa madogo: ya shule, ya ushirika, ya kijiji, ya msikiti. Ukiona njia ya kumsikiliza mshitakiwa imezibwa, izibue wakati ungali na nguvu, hata kama mshitakiwa wa siku hiyo ni adui yako.

Tarehe 30 Januari 1984 Aboud Jumbe hakuwa tena Makamu wa Rais wa Muungano, wala Rais wa Zanzibar, wala Makamu Mwenyekiti wa Chama. Alijiuzulu nyadhifa zote kwa pamoja. Waziri Kiongozi Ramadhani Haji Faki akaondoka naye. Swanzy akafukuzwa nchini. Ali Hassan Mwinyi akashika urais wa Zanzibar, na mwezi Novemba 1985 akawa Rais wa Muungano, cheo ambacho wengi walidhani kitamfikia Jumbe. Seif Shariff Hamad akawa Waziri Kiongozi. Miaka minne baadaye yeye naye aliondolewa, na mwaka 1988 Halmashauri Kuu ileile ikamfukuza katika Chama, kisha akakaa kizuizini. Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyekuwa mmoja wa wenye nguvu kubwa nchini, alitoka Dodoma tarehe 12 Aprili 1984 akielekea Dar es Salaam kwa gari, akafariki katika ajali kabla ya kufika Morogoro. Miezi mitatu haikutimia tangu kikao kile. Ni ufalme gani wa mwanadamu tunaoutegemea?

Ruhusa yako, nitoke nje ya njia kidogo. Mwaka huohuo wa 1984, tarehe 26 Aprili, siku ambayo Muungano wetu ulitimiza miaka 20, serikali ya kijeshi ya Pakistan ilitoa amri iliyowakataza Waahmadiyya kujiita Waislamu na kuadhini. Khalifa wetu wa nne, Hadhrat Mirza Tahir Ahmad, akalazimika kuhamia London. Jumuiya ililipeleka jambo lile katika mahakama ya Pakistan, ikashindwa huko, na ikaendelea kuomba na kuvumilia bila ya kurusha jiwe. Nalieleza hili ili mgeni asidhani kwamba tunamsifu Jumbe kwa jambo ambalo sisi wenyewe hatulijui. Seyidna Ahmad (a.s.), Masihi Aliyeahidiwa, aliwafundisha wafuasi wake wasiiasi serikali ya nchi wanamoishi, na wadai haki zao kwa njia za halali tu.

Turejee kwa Mzee Jumbe. Alihamia Mji Mwema, Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, sehemu ngumu ya maisha yake ilipoanza. Kuanguka ni jambo la siku moja. Kuishi baada ya kuanguka kulimchukua miaka 32. Mtu aliyekuwa akipigiwa mizinga anaamka asubuhi na hapana anayemngoja mlangoni. Wale aliowapa vyeo hawapiti tena njia ya nyumbani kwake. Katika hali kama hiyo wako wanaokimbilia nchi za nje na kulaani, wako wanaotafuta kundi la kulipiza kisasi, na wako wanaorudi kwa magoti kuomba kazi yoyote. Jumbe hakuifuata njia hata moja kati ya hizo. Hakuikimbia nchi. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992 hakuanzisha chama, ingawa pengine angepata wafuasi. Alishika sala, vitabu na mambo ya Waislamu wenzake, na watu waliozoea kumwona mwanasiasa wakamwona mzee wa dini.

Lakini hakukubali kwamba kunyamaza ndiko kuvumilia. Hapo wengi wetu hukosea, tukidhani subira ni kufunga mdomo. Mwaka 1994 alitoa kitabu kwa Kiingereza juu ya miaka 30 ya Muungano, akaziweka hoja zake zote mezani, pamoja na habari za yale yaliyompata. Alikuwa na miaka 74. Kitabu hicho si cha kulia; ni cha mwalimu aliyerudi kusahihisha daftari. Waweza usikubaliane na hoja zake, na wako wengi wasiokubaliana nazo, lakini utaona kwamba amekupa karatasi uzisome mwenyewe.

Na hoja zenyewe hazikufa Dodoma. Kabla ya mwaka 1984 kwisha Zanzibar ilipata Katiba mpya, na Katiba ya Muungano ikaingizwa sura ya haki za binadamu, ambayo kwa miaka mingi viongozi walikuwa wameikataa. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyotoa taarifa yake mwaka 1992, ilipendekeza serikali tatu. Mwaka 1993 wabunge 55 walidai bungeni serikali ya Tanganyika, na Mwalimu Nyerere akasimama kuwapinga kwa nguvu zake zote. Mwaka 2013 Tume ya Jaji Joseph Warioba, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa Waziri Mkuu, iliandika rasimu ya Katiba yenye serikali tatu, na mwaka 2014 Bunge Maalumu likakaa Dodoma, katika mji uleule, kuijadili. Mzee wa Mji Mwema alikuwa hai bado, akifikisha miaka 94. Bunge lile lilirudi kwenye serikali mbili, na Katiba iliyopendekezwa haikupigiwa kura ya wananchi.

Aboud Jumbe alifariki dunia nyumbani kwake Kigamboni tarehe 14 Agosti 2016, akiwa na umri wa miaka 96. Mwili wake ulivushwa bahari, akazikwa Migombani, Unguja. Mwenyezi Mungu amsamehe makosa yake na amlipe kwa mema yake. Mwalimu Nyerere alikuwa amemtangulia tangu mwaka 1999, Seif Shariff Hamad alimfuata mwaka 2021, na Mzee Mwinyi mwaka 2024. Ile Mahakama Maalumu ya Katiba ingali imeandikwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, nusu ya wajumbe kutoka huku na nusu kutoka kule, nayo haijapata kukaa kusikiliza shauri hata moja.